Kumpigia kura jaji: kisanduku cha "ndiyo au hapana" kinakuhusu nini?

Swali: Wakili, salaam. Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Mombasa, naishi Pennsylvania na nimeshapata uraia wa Marekani. Novemba 2025 nilipiga kura kwa mara ya kwanza. Kwenye karatasi nikakuta majina ya majaji watatu wa Mahakama ya Juu ya jimbo, na kwa kila mmoja naulizwa kama abakie: ndiyo au hapana. Sikuwajua, nikaacha wazi. Wenzangu kazini wakanicheka, eti hiyo ndiyo kura iliyokuwa na uzito kuliko zote. Kwani neno la mwisho kuhusu uchaguzi si la Mahakama ya Juu ya Washington? Na hili la wananchi kumpigia kura jaji, ni sawa kweli? Mwisho, mke wangu ana grini kadi. Je, anaweza kuwapigia kura majaji tu, maana hawahusiani na serikali ya kitaifa?

Jibu: Wenzako wamekuonea, kwa sababu hata Wamarekani wengi waliozaliwa hukohuko huviruka visanduku vya majaji. Lakini kuhusu uzito wamesema kweli. Majaji uliowaona, Christine Donohue, Kevin Dougherty na David Wecht, waliingia mahakamani pamoja baada ya uchaguzi wa 2015, na mkono wao umo katika ramani ya eneobunge unamoishi leo. Nitaifikia ramani hiyo.

Kwanza tunyooshe hili la neno la mwisho. Kwetu Kenya mahakama zote zimo kwenye ngazi moja. Kesi inaweza kuanzia kwa hakimu wa Shanzu, ikapanda Mahakama Kuu, ikapita Mahakama ya Rufaa na kuishia Mahakama ya Juu jijini Nairobi, ile iliyofuta uchaguzi wa rais Septemba 1, 2017. Mtu aliyezoea hivyo akifika Marekani hudhani Washington ndiyo kilele cha kila kitu. Marekani ina ngazi mbili. Kuna ya mahakama za shirikisho, na kila jimbo lina ya kwake, pamoja na katiba yake, sheria zake na kilele chake. Jambo likiwa la katiba ya Pennsylvania, wanaofunga mjadala ni majaji saba wa Mahakama ya Juu ya Pennsylvania, ambao huketi kwa zamu Philadelphia, Pittsburgh na Harrisburg. Washington huingia pale tu inapodaiwa kwamba katiba au sheria ya shirikisho imevunjwa.

Sasa jiulize haki yako ya kupiga kura imeandikwa wapi. Soma Katiba ya Marekani kutoka mwanzo hadi mwisho, hutaona kifungu kinachosema kila raia ana haki ya kupiga kura. Utakayoyaona ni makatazo: mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi (1870), kwa sababu ya jinsia (1920), kwa kutolipa kodi ya kura, yaani ile aliyotozwa mtu ili aruhusiwe kupiga kura (1964), au kwa umri akiwa ametimiza miaka 18 (1971). Mwaka 1875, mwanamke wa Missouri, Virginia Minor, alikwenda hadi Mahakama ya Juu ya Washington akidai kwamba uraia wake unatosha kumpa kura. Majaji wote kwa sauti moja wakamwambia Katiba ya Marekani haimpi mtu yeyote haki hiyo. Wanawake wengi wakangoja miaka 45 mingine.

Katiba za majimbo ni kinyume chake. Karibu zote zinataja haki ya kupiga kura waziwazi, na nyingi zinaongeza maneno kuhusu namna uchaguzi unavyopaswa kuwa. Ya Pennsylvania, katika kifungu cha 5 cha sehemu ya haki, inasema uchaguzi utakuwa huru na wa usawa, na kwamba hakuna mamlaka, ya kiraia wala ya kijeshi, itakayoingilia kumzuia mtu kutumia haki yake ya kura. Maneno hayo ya "huru na wa usawa" yamo tangu 1790. Kwa muda mrefu yalikaa tu kama maneno mazuri ya katiba.

Yakaja kupata kazi kubwa kwa sababu ya ramani. Mwaka 2011 chama cha Republican kilikuwa kimeshika mabunge yote mawili ya Pennsylvania na ugavana, na ndicho kilichochora upya mipaka ya maeneobunge ya kitaifa. Uchaguzi wa 2012 ulipofika, wagombea wa Democratic walipata zaidi kidogo ya nusu ya kura zote za wabunge jimboni, wakaambulia viti 5 kati ya 18. Mwaka 2014, 5. Mwaka 2016, 5 tena. Upepo wa siasa ulibadilika mara tatu, viti havikutikisika. Ukiitazama ramani yenyewe utaelewa. Eneobunge la 7, nje ya Philadelphia, lilipindwapindwa hata watu wakalipa jina la "Goofy akimpiga Donald Duck teke". Mahali fulani katika mji wa King of Prussia, pande zake mbili ziliunganishwa na kipande chembamba cha ardhi penye mkahawa mmoja wa samaki na nyama ya kuchoma. Ungeweza kula chakula cha jioni ukiwa umekalia kiungo chote cha eneobunge.

Wapiga kura 18, mmoja kutoka kila eneobunge, walikwenda mahakamani, na hawakuchagua mahakama ya shirikisho. Walifungua kesi katika mahakama ya jimbo na kudai haki chini ya katiba ya jimbo. Ushahidi wao mzito uliletwa na Jowei Chen, profesa wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliyetumia kompyuta kuchora mamia ya ramani kwa kufuata kanuni za kawaida: maeneobunge yawe na watu sawa, yawe ya kushikamana, yasikate kaunti na miji ovyo. Katika ramani zote hizo hakuna hata moja iliyowapa Republican viti 13. Ramani iliyokuwa ikitumika ndiyo pekee iliyofanya hivyo, na jambo la namna hiyo haliji kwa bahati.

Januari 22, 2018 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ilisema ramani hiyo inavunja katiba ya jimbo. Majaji watano dhidi ya wawili walikubaliana kwamba imevunjwa, ingawa kuhusu kuibadilisha upesi kabla ya uchaguzi wa mwaka huohuo walikuwa wanne kwa watatu. Majaji wako watatu walikuwa upande wa walioshinda mara zote mbili. Bunge likapewa nafasi ya kuchora ramani nyingine, halikuafikiana na gavana, na Februari 19 mahakama ikatoa yake, iliyoandaliwa kwa msaada wa Nathaniel Persily, profesa wa sheria wa Stanford. Novemba mwaka huo matokeo yakawa 9 kwa 9.

Hapa ndipo penye ufundi ninaotaka uuone. Majaji waliandika kwamba wanaegemea katiba ya Pennsylvania peke yake. Viongozi wa bunge walipokimbilia Washington kuomba hukumu isimamishwe, Jaji Samuel Alito, ambaye hakuna anayeweza kumsingizia mapenzi kwa Democratic, alilikataa ombi lao. Walijaribu tena Machi, mahakama nzima ikakataa. Kama hukumu ingetegemea Katiba ya Marekani, mlango wa Washington ungekuwa wazi, na mwaka uliofuata tukaona ndani ya mlango huo kuna nini. Juni 2019, katika kesi za North Carolina na Maryland, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba kuchora mipaka kwa kupendelea chama ni suala la siasa ambalo mahakama za shirikisho haziwezi kulitatua. Jaji Mkuu John Roberts aliongeza kwamba katiba na sheria za majimbo zinaweza kuwapa majaji wa majimbo vipimo vya kutumia. Maana yake kwa lugha ya barazani: malalamiko yako ni ya kweli, lakini kayapeleke kwenu.

Kuhusu ramani ya leo: baada ya sensa ya 2020 Pennsylvania ilibakiwa na viti 17, gavana na bunge wakashindwa tena kuelewana, na mwaka 2022 mahakama hiyohiyo ndiyo iliyochagua ramani, kwa kura 4 dhidi ya 3. Hiyo ndiyo unayopigia kura.

Usidhani mahakama ya jimbo inashughulikia ramani tu. Kura hupotea zaidi katika mambo madogo. Pennsylvania mtu anayepiga kura kwa posta hutakiwa kuiweka karatasi ndani ya bahasha ya siri, kisha bahasha hiyo ndani ya bahasha ya nje, ambayo aitie sahihi na tarehe. Akisahau ile ya ndani, kura imeharibika. Katika uchaguzi wa mchujo wa Aprili 2024, wapiga kura wawili wa kaunti ya Butler walipata taarifa kwamba kura zao za posta zina kasoro, wakaenda kituoni siku ya uchaguzi wakapiga kura ya muda, yaani ile inayowekwa kando hadi ithibitishwe. Kaunti ikakataa kuihesabu: mmeshapiga kura kwa posta. Lakini ile ya posta nayo haikuhesabiwa! Oktoba 23, 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais, Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema kwa kura 4 dhidi ya 3 kwamba kura ya muda ihesabiwe, kwa kuwa mtu huyo hana kura nyingine yoyote iliyohesabiwa. Zingatia hesabu hiyo: kati ya majaji saba, watano walichaguliwa kwa tiketi ya Democratic. Ingekuwa ni chama tu kinachoongea, ingekuwa 5 kwa 2. Ombi la kuisimamisha hukumu lilipofika Washington, lilikataliwa.

Sasa nikuonyeshe upande wa pili, maana nisingependa uondoke ukidhani mahakama za majimbo ni malaika. Februari 2022 Mahakama ya Juu ya North Carolina, kwa kura 4 dhidi ya 3, iliamua kama ile ya Pennsylvania: ramani ya kupendelea chama inavunja katiba ya jimbo. Uchaguzi uliofuata ukatoa wabunge 7 wa kila chama. Lakini Novemba hiyohiyo wananchi walichagua majaji wapya, na mahakama ikageuka ikawa ya majaji watano wa Republican na wawili wa Democratic. Ilikubali kuisikiliza kesi ileile upya, na Aprili 2023 ikaifuta hukumu yake yenyewe. Katiba ilikuwa ileile, hata nukta haikuongezwa. Bunge likachora upya, na 2024 viti vikawa 10 kwa 4.

Kesi hiyohiyo ilizaa jambo lililogusa nchi nzima. Viongozi wa bunge la North Carolina walidai kwamba kwa kuwa Katiba ya Marekani inasema nyakati, mahali na namna ya kuwachagua wabunge wa kitaifa zitapangwa na bunge la kila jimbo, basi mahakama ya jimbo haina ruhusa ya kuligusa bunge katika mambo hayo, hata likivunja katiba ya jimbo. Dai hilo lingekubaliwa, hukumu ya Pennsylvania ya 2018 isingekuwa na miguu ya kusimamia. Juni 27, 2023 Washington ililikataa kwa kura 6 dhidi ya 3. Ila Roberts aliacha uchochoro: mahakama za majimbo zisivuke mipaka ya kawaida ya kazi ya kihakimu, na Washington itakuwa ikitazama. Mipaka hiyo iko wapi hasa, hakuiweka. Wazee wanaokumbuka mwaka 2000 wanajua uchochoro huo unaweza kupitisha kitu gani: Mahakama ya Juu ya Florida iliamuru kura zihesabiwe upya kwa mkono, Washington ikalisimamisha zoezi siku iliyofuata, na George W. Bush akabaki mshindi kwa tofauti ya kura 537.

Tena North Carolina, na hili ndilo linalonikera zaidi. Mwaka 2024 Jaji Allison Riggs alishinda kiti chake katika Mahakama ya Juu ya jimbo kwa kura 734. Mpinzani wake, Jefferson Griffin, naye jaji, akaomba kura zaidi ya 60,000 ziondolewe, zikiwamo za wanajeshi na raia walioko ng'ambo ambao hawakuambatisha nakala ya kitambulisho. Kanuni zilizotumika siku ya uchaguzi hazikuwataka waambatishe. Mahakama za jimbo hazikumpa yote aliyoomba, lakini zilimpa kiasi: waliopiga kura kutoka ng'ambo wapewe muda walete vitambulisho, wasipoleta kura zao zifutwe, miezi mitano baada ya kupigwa. Aliyewaokoa ni jaji wa shirikisho, Richard Myers, mteule wa Donald Trump. Mei 5, 2025 aliamua kwamba kubadilisha kanuni za mchezo baada ya mchezo kwisha kunavunja Katiba ya Marekani. Siku mbili baadaye Griffin akakubali kushindwa. Kwa hiyo zile ngazi mbili zina faida pande zote: safari hii, ngazi ya jimbo ilipoyumba, ya shirikisho ilishika.

Nadhani umeshaona kwa nini nakubaliana na wenzako. Huko Marekani haki ya kura inalindwa kwa karibu zaidi na katiba ya jimbo, na katiba ya jimbo huwa na nguvu kadiri ya watu wanaoisoma wakiwa wamevaa joho. Katika majimbo 38 watu hao hupita kwenye kura ya wananchi kwa namna moja au nyingine. Pennsylvania jaji huingia kwa kugombea kwa tiketi ya chama kama mwanasiasa, hukaa miaka 10, kisha jina lake hurudi kwenye karatasi bila chama wala mpinzani: abakie au aondoke. Akitimiza miaka 75 anastaafu apende asipende. Kwa kawaida hubakizwa. Katika historia ya kura hiyo ni jaji mmoja tu wa Mahakama ya Juu aliyeangushwa, Russell Nigro, mwaka 2005, wananchi walipokuwa wamechukia wakubwa kujiongezea mishahara. Watatu wako walibakizwa, kila mmoja kwa zaidi ya asilimia 60, pamoja na kampeni kali ya kuwaondoa. Hata miaka ya nyuma walikuwa wameonja shari: Machi 2018 wabunge kadhaa walileta hoja ya kuwashtaki bungeni majaji wanne kwa sababu ya ile ramani, na aliyesimama kuwatetea ni Jaji Mkuu Thomas Saylor, Mrepublican aliyekuwa ameipinga hukumu yao. Hoja ikafia njiani.

Je, ni sawa? Mimi sipendi jaji apigiwe kura. Jaji anayeomba kura anahitaji fedha, na mwenye kutoa fedha ana kesi yake moyoni. Wisconsin, Aprili 2025, kiti kimoja cha Mahakama ya Juu ya jimbo kilimeza takriban dola milioni 100. Elon Musk na makundi yake walitoa zaidi ya milioni 20 kumuunga mkono Brad Schimel, na Susan Crawford akashinda hata hivyo. Fedha hizo hazikumwagwa bure. Desemba 2023 mahakama hiyo, baada ya kiti kimoja tu kubadilisha mkono, ilizifuta ramani za bunge la jimbo kwa sababu rahisi ajabu: katiba inataka kila eneo liwe limeungana, na maeneo 50 kati ya 99 ya bunge dogo yalikuwa na vipande vilivyotawanyika kama visiwa. Katiba ilisema hivyo siku zote. Walikosekana majaji wanne wa kuisoma.

Lakini sitakudanganya kwamba kwetu tuna dawa. Kenya majaji huchujwa na Tume ya Huduma za Mahakama, utaratibu ninaouona bora, na bado Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliwaacha nje majaji 6 waliopendekezwa, wakakaa hadi William Ruto alipowaapisha 2022. Tanzania katiba yenyewe inazuia matokeo ya rais yakishatangazwa yasihojiwe na mahakama yoyote, na Mahakama ya Afrika pale Arusha ilisema mwaka 2020 kwamba kizuizi hicho kinavunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Kila nchi ina mahali ambapo siasa hupenyeza mkono ndani ya joho. Marekani imeamua mkono huo uwe wako pia, na maadam umewekwa kwenye karatasi yako, usiuache mfukoni.

Safari nyingine usisome matangazo ya televisheni. Hukumu za Pennsylvania huwekwa wazi kwenye tovuti ya mahakama, bure. Chukua moja inayohusu uchaguzi, soma upande ulioshinda na upande uliopinga, utajua jaji anavyofikiri kuliko kipeperushi chochote. Chama cha Mawakili cha Pennsylvania nacho hutoa tathmini ya kila jaji kabla ya kura. Na ukipiga kwa posta, bahasha mbili, sahihi, tarehe. Kesi za tarehe zimezunguka mahakamani miaka kadhaa. Usiwe wewe wa kuipa mahakama nyingine kazi.

Kuhusu mkeo: hapana. Kura ya majaji ni uchaguzi wa jimbo, na Pennsylvania inataka mpiga kura awe raia kwa muda usiopungua mwezi mmoja kabla ya siku ya uchaguzi. Kujidai raia ili uandikishwe si kosa la kulipia faini ukaenda zako. Linaweza kumfukuzisha nchini na kumfungia njia ya uraia. Awe mwangalifu hasa akienda kuchukua au kubadilisha leseni ya udereva, kwa sababu tangu Septemba 2023 mashine za PennDOT, idara ya uchukuzi ya jimbo inayotoa leseni, humpeleka moja kwa moja mteja anayestahili kwenye hatua za kujiandikisha. Akifika kwenye swali la uraia asibonyeze kwa haraka. Na ikitokea kadi ya mpiga kura imemfikia kwa posta kimakosa, asiitumie wala asiwaandikie barua watu wa kaunti kabla hajaonana na wakili wa uhamiaji.